Je, Boris bado ni bendi huru? Jibu kwa msomaji wa Arusha

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu watatu tuna bendi ya roki hapa Arusha, na tangu mwaka jana tumeshikwa na Boris wa Japani. Ila kuna mambo yananivuruga. Nimekuta albamu tatu tofauti zote zinaitwa Heavy Rocks. Albamu ya Smile ninayo mara mbili, na hizo mbili hazifanani. Halafu kwenye albamu moja ya 2011 nimeona jina la Avex, ambayo nasikia ni moja ya kampuni kubwa za muziki Japani. Watu husema Boris ni bendi huru. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, wamewezaje kudumu tangu 1992 bila kampuni kubwa ya kuwabeba?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ndiyo, Boris ni bendi huru, na jina la Avex halibadilishi hilo. Hawakuzikimbia kampuni. Walichokataa ni kuiachia kampuni moja kazi zao zote. Albamu hii huenda kwenye lebo hii, yaani kampuni inayotoa rekodi, inayofuata huenda kwingine, na mara nyingi albamu moja hutoka kwa lebo moja Japani na kwa lebo nyingine Marekani. Ukilishika hilo, habari ya Smile mbili na Heavy Rocks tatu itaanza kujieleza yenyewe. Lakini twende taratibu, kwa sababu maana ya bendi huru pale Japani ina historia yake.

Roki nzito ya Japani ilianzia mikononi mwa lebo kubwa. Mwaka 1971 Flower Travellin' Band walitoa Satori kwa Atlantic, na hadi leo ni vigumu kuwaeleza Boris bila kuitaja albamu ile. Loudness walioanza mwaka 1981 walikuwa na lebo kubwa tangu mwanzo, na mwaka 1985 albamu yao ya Thunder in the East ikafika nafasi ya 74 kwenye chati ya albamu ya Billboard kule Marekani. Hiyo ndiyo ilikuwa ramani: uende kwa lebo kubwa, uuze nyumbani, kisha lebo ikutafutie njia ya nje.

Mwaka huohuo wa 1985, televisheni ya taifa ya NHK ilirusha kipindi kuhusu bendi zilizokuwa zinajitolea rekodi zenyewe, na neno "indizu", yaani bendi huru, likaingia midomoni mwa vijana nchi nzima. Lakini angalia lilivyotumika. Yoshiki wa bendi ya X alianzisha lebo yake ya Extasy mwaka 1986, akatoa Vanishing Vision mwaka 1988, na mwaka uliofuata X walikuwa tayari CBS/Sony na albamu ya Blue Blood. Kwa wengi indizu ilikuwa ngazi. Ulipanda, ulionekana, kisha ulifanya kile Wajapani wanachokiita "meja debyu", siku ya kutambulishwa na lebo kubwa, na baada ya hapo hakuna aliyekuuliza tena habari za lebo yako ndogo. Ofisi ya wasimamizi ilikulipa mshahara, ilikupangia picha, mahojiano, hata nywele. Simlaumu aliyeichagua njia hiyo, maana imelisha familia nyingi. Ila nataka uone kwamba Boris walipoanza, kubaki huru kwa maisha yote hakukuwa lengo la kawaida kwa bendi yenye gitaa kubwa.

Walianza Tokyo mwaka 1992 wakiwa wanne: Atsuo akiimba, Takeshi, Wata na mpiga ngoma aliyeitwa Nagata. Jina walilichukua kwenye wimbo wa Melvins, bendi ya Marekani, ule unaoifungua albamu ya Bullhead ya 1991, wimbo mzito unaojikokota. Mwaka 1996 Nagata aliondoka. Badala ya kutafuta mtu mwingine, Atsuo aliketi kwenye ngoma na bendi ikabaki na watatu. Uamuzi huu unaonekana mdogo, lakini kwangu mimi ndio uliowapa umri mrefu. Takeshi hupiga chombo chenye shingo mbili, moja ya besi na moja ya gitaa, kwa hiyo watatu hutoa sauti ya wanne. Wote watatu huimba, hivyo hakuna mwimbaji mmoja ambaye akikasirika bendi inakufa. Na mnapoanza kusafiri, tiketi tatu za ndege ni tiketi tatu. Bendi nyingi nilizozifuatilia zilivunjika kwa hesabu za namna hiyo, na muziki wenyewe haukuwa na tatizo lolote.

Mwaka huohuo wa 1996 walitoa albamu yao ya kwanza, Absolutego, kwa lebo yao wenyewe iitwayo Fangs Anal Satan. Ni wimbo mmoja tu, unaozidi saa nzima, wa gitaa lililoshushwa chini kabisa na amplifaya zinazovuma hadi kifua kinatetemeka. Jiulize ni afisa gani wa lebo kubwa angeidhinisha kitu hicho kiwe albamu ya kwanza ya bendi isiyojulikana. Jina la lebo hiyo limebaki hadi leo, na pia ndilo Atsuo analolitumia anaposanifu majalada. Hilo nalo ni sehemu ya uhuru: sura ya bendi haikuwahi kukabidhiwa idara ya mauzo ya mtu mwingine.

Sasa nikueleze maisha ya bendi ndogo Tokyo, maana bila hapo hutaona walichokikwepa. Kumbi ndogo za muziki, zile wanazoziita "raibu hausu", zimejaa mitaa kama Koenji, Shimokitazawa na Shinjuku, nyingi zikiwa chini ya ardhi, zinaingiza watu mia moja au mia tatu hivi. Vyombo ni vizuri mno: amplifaya, ngoma, fundi wa sauti anayejua kazi. Lakini kuna utaratibu unaoitwa "noruma". Ukumbi unaipa bendi idadi ya tiketi, na ambazo hazikuuzwa bendi inazilipia kutoka mfukoni. Ukipewa tiketi 20 za yeni 1,500 kila moja, una deni la yeni 30,000 kabla hujafungua mfuko wa gitaa. Mgeni naye akiingia hulipa pia hela ya kinywaji, yeni 500 au 600, kwa kuwa kumbi nyingi zina leseni ya mgahawa. Kwa hiyo bendi changa ya Tokyo kwa kawaida hulipa ili ipige. Vijana hufanya kazi dukani au ghalani mchana, usiku wanalipia jukwaa, na marafiki wanaokuja kuwaona ni wale wale wa mwezi uliopita.

Katika hali hiyo, njia mbili zinajulikana. Ya kwanza ni kusubiri meja debyu. Ya pili ni kutafuta hadhira nje ya Japani, ambako mara nyingi bendi hailipi ili ipige. Boris walienda njia ya pili, na hawakwenda mikono mitupu: walikwenda na albamu ambazo tayari zilikuwa zimetoka nyumbani.

Hapa ndipo utaratibu wao ulipoanza kuonekana. Southern Lord ni lebo iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998 na Greg Anderson na Stephen O'Malley, wanamuziki wa bendi ya Sunn O))), watu waliopenda muziki mzito wa polepole kuliko biashara. Mwaka 2001 waliitoa upya Absolutego. Mwaka 2003 wakaitoa Amplifier Worship, iliyokuwa imetoka Japani mwaka 1998. Mwaka 2005 ikaja Akuma no Uta, ambayo Japani ilitoka mwaka 2003 kwa lebo ya Diwphalanx. Tazama mpangilio: kazi inatoka kwanza Japani, kwa lebo ndogo ya huko au yao wenyewe, kisha mwenzao wa Marekani anaichukua kwa ajili ya soko lake. Hakuna aliyewaambia wabadilishe kitu, kwa sababu kitu kilikuwa kimeshakamilika. Kazi ya lebo ya pili ilikuwa kuchapisha, kusambaza na kuisemea.

Kisha ikaja Pink. Japani ilitoka Novemba 2005 kwa Diwphalanx, Marekani Mei 2006 kwa Southern Lord. Hii ndiyo albamu iliyowafungulia dunia. Inaanza na wimbo mrefu wenye ukungu na huzuni, halafu ghafla inapasuka kuwa roki ya kasi, gitaa lenye mkwaruzo mkali, ngoma zinazokimbia kama zinafukuzwa. Magazeti ya muziki ya Marekani yaliiweka miongoni mwa albamu bora za mwaka. Oktoba mwaka huohuo wakatoa Altar pamoja na Sunn O))) wenyewe, ambamo Kim Thayil, mpiga gitaa wa Soundgarden, amepiga wimbo mmoja. Mwaka 2008 walifungua maonyesho ya bendi ya Nine Inch Nails kule Marekani, kwenye kumbi kubwa kuliko zozote walizokuwa wamezizoea. Mwaka 2009 Jim Jarmusch akautumia muziki wao katika filamu yake ya The Limits of Control.

Wakati huo nilidhani watafanya kile ambacho kila bendi ingefanya, yaani kutengeneza Pink ya pili. Walichofanya kinanifikisha kwenye swali lako la Smile.

Smile ilitoka mwaka 2008. Toleo la Japani, la Diwphalanx, lilipitia mikono ya You Ishihara, mwanamuziki mkongwe aliyekuwa kiongozi wa bendi ya White Heaven. Toleo la Southern Lord lilichanganywa na mtu mwingine. Nyimbo hazikupangwa sawa, jalada si lile lile, na sauti yenyewe inatofautiana sana: la Japani limekwaruzwa hadi baadhi ya vyombo vinasikika kama vinatoka chumba cha jirani, la Marekani limenyooka zaidi na gitaa liko mbele. Kwa hiyo ulizo nazo ni albamu mbili zilizokatwa kwenye kitambaa kimoja, na zote ni halali. Usitafute ipi ni ya kweli. Binafsi narudia la Japani mara nyingi zaidi, ingawa lilinichukua muda kulizoea.

Kwa nini wafanye hivyo? Sababu moja ni ya kisanii, na wao wamekuwa wakiishi hivyo siku zote. Pink yenyewe kwenye santuri ina nyimbo zilizo ndefu kuliko kwenye CD. Dronevil, iliyotangulia Pink kidogo, ni santuri mbili zilizokusudiwa zipigwe kwa pamoja kwenye mashine mbili. Vein ya 2006 ilitoka ikiwa na muziki wa aina mbili ndani ya jalada lile lile, mmoja wa kasi ya panki na mwingine wa kelele tupu, na mnunuzi hakujua kapata upi mpaka aiweke kwenye mashine. Kwao albamu ni kitu kinachoweza kuwa na sura kadhaa.

Sababu ya pili ni ya soko, na hii wasikilizaji wengi wa nje hawaijui. Japani ina sheria inayoruhusu kampuni ya rekodi kupanga bei ya rejareja ya CD na santuri, na duka haliwezi kuishusha. Utaratibu huo upo tangu mwaka 1953. Albamu mpya ya Kijapani hugharimu yeni 2,500 au 3,000 hivi, wakati CD ileile iliyoingizwa kutoka Marekani haibanwi na utaratibu huo na mara nyingi huwa nafuu. Ndiyo maana matoleo ya Kijapani ya wasanii wa nje huongezewa nyimbo, ili Mjapani aone faida ya kununua la nyumbani. Boris wakiwa na lebo mbili katika nchi mbili walilazimika kujibu swali hilohilo kwa upande wao: je, shabiki wa Tokyo anunue toleo gani? Jibu lao lilikuwa kumpa kila mmoja kazi yake. Na shabiki wa kweli, kama wewe, akanunua zote mbili. Uamuzi huo ungekuwa mgumu sana chini ya kampuni moja inayosimamia dunia nzima, kwa sababu kampuni ya namna hiyo inataka bidhaa moja, siku moja, tangazo moja.

Sasa tuje kwenye mwaka 2011, mwaka uliokuvuruga wewe na ukawavuruga wengi.

Machi mwaka huo ilitoka albamu inayoitwa New Album, Japani, kupitia Tearbridge, lebo iliyo chini ya Avex. Avex ni kampuni iliyojijenga kwa muziki wa dansi na nyota wa pop. Mei zikatoka albamu mbili kwa siku moja kupitia lebo ya Sargent House ya Marekani: Attention Please, ambamo Wata anaimba nyimbo zote, na Heavy Rocks ya pili, yenye jalada la zambarau. Ukizisikiliza zote tatu utakutana na nyimbo zilezile zimevaa nguo tofauti. "Party Boy" iko New Album na Attention Please. "Jackson Head" iko New Album na Heavy Rocks. Kwa Avex nyimbo zilipambwa, zikang'arishwa, zikawekwa vinanda vya elektroniki na mpangilio wa pop. Kwa Sargent House ziligawanywa, laini kwa Wata na ngumu kwa gitaa.

Kelele zilizopigwa wakati ule nazikumbuka vizuri. Watu wa roki nzito walisema Boris wameuza roho. Sikukubaliana nao wakati ule na sikubaliani nao leo. Bendi iliyouza roho hutoa albamu moja, ile ambayo kampuni inaitaka. Hawa walitumia studio, wahandisi na mtandao wa Avex kujaribu sauti ambayo hawakuwahi kuigusa, na mwaka uleule, kwa nyimbo zilezile, wakatoa albamu nyingine mbili ambazo Avex haikuhusika nazo. Msanii aliyefungwa mkataba wa kawaida wa lebo kubwa haruhusiwi hata kumwimbia rafiki yake kiitikio bila kibali. Kwamba Boris waliweza kufanya hivi kunakuambia walikaa mezani wakiwa na nguvu gani. Walikuwa karibu miaka 20 kazini, wana hadhira yao nje ya nchi, na hawakuihitaji Avex ili waishi. Mwaka 2014 walifanya hivyo tena na albamu ya Noise: Avex kwa Japani, Sargent House kwa kwingine. Mwaka 2017 kwa albamu ya Dear waliondoka zao, Japani ikatoka kwa lebo ndogo ya Daymare.

Kuhusu Heavy Rocks tatu, hapo hakuna fumbo kubwa. Ya kwanza, ya 2002, ina jalada la rangi ya chungwa. Ya pili ni hiyo ya zambarau ya 2011. Ya tatu ilitoka Agosti 2022 kwa Relapse, ikiwa na mnuso wa roki ya miaka ya sabini na saksafoni ndani yake. Jina hilo hulirudia kila wanapotaka kusema nini wanakielewa kuwa roki nzito kwa wakati huo. Ukizisikiliza mfululizo utasikia miaka 20 ya bendi moja ikijibu swali lilelile, na kila jibu lina nguvu zake. Ya 2002 ilikuwa ngumu kupatikana kwa muda mrefu, lakini kama ninyi mnapiga roki ya gitaa na ngoma, ndiyo itakayowafundisha zaidi. Isikilizeni na vyombo mkononi.

Ufunguo mwingine: angalieni jina lilivyoandikwa kwenye jalada. Kwa muda mrefu walikuwa na desturi ya kuandika BORIS kwa herufi kubwa kwenye kazi za roki, na boris kwa herufi ndogo kwenye kazi za majaribio, zile za mvumo na kelele ndefu. Ukinunua yenye herufi ndogo ukitarajia riffu za kasi, yaani vipande vya gitaa vinavyorudiwarudiwa, utarudi kulalamika.

Umeuliza pia wamewezaje kudumu. Sehemu nimeshaieleza. Sehemu nyingine ni ziara. Wamezunguka Marekani, Ulaya na Australia mwaka baada ya mwaka, na kwenye meza ya bidhaa pale ukumbini kuna fulana, CD na santuri, nyingine zimechapwa nakala chache na kwa rangi maalumu. Santuri ya bendi kama hii haikai dukani miaka ikisubiri mteja, kwani mashabiki huinunua wiki ileile. Kwa bendi ndogo hiyo ni pesa inayoingia mkononi moja kwa moja, bila kupita kwa mtu wa kati aliye mbali. Na ushirikiano pia: wamefanya kazi na mpiga gitaa Keiji Haino mwaka 1998, na Merzbow, msanii wa muziki wa kelele, mara nyingi kwa miaka mingi, na Ian Astbury wa The Cult mwaka 2010. Kila mshirika huja na wasikilizaji wake. Nitasema ukweli wangu, si kazi zote hizo zina uzito sawa. Wametoa vitu vingi mno, na kuna rekodi ambazo ningezifurahia zaidi kama zingekuwa nusu ya urefu wake. Hiyo ni gharama ya kutokuwa na mtu wa kukuambia hapana. Naona ni gharama inayolipika.

Usidhani wao ni wa chuma. Walipotengeneza Dear, wakifikisha miaka 25, walianza wakifikiri huenda ikawa albamu ya kuagana. Wakiwa studioni nyimbo zikazidi kuja, wakaendelea. Mwaka 2019 LφVE & EVφL ikatoka kwa Third Man, lebo ya Jack White.

Halafu ikaja korona. Kwa bendi inayoishi kwa ziara, kufungwa kwa kumbi mwaka 2020 kulikuwa pigo la moja kwa moja. Na hapa ndipo utakapoona uhuru una faida gani wakati wa shida. Walirekodi miezi ileile watu wamefungiwa, na Julai 2020 wakaitoa NO wenyewe kupitia Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao, bila lebo yoyote: muziki wa kasi na hasira, ulio karibu kabisa na panki ya ujana wao. Lebo ingehitaji miezi kadhaa ya maandalizi, wao hawakusubiri kibali. Januari 2022 ikafuata W kwa Sacred Bones, laini na yenye sauti ya Wata, na ukiyaunganisha majina hayo mawili unapata NOW. Zilikusudiwa kuwa jozi. Mwaka huohuo wa 2020 Third Man wakazitoa upya Absolutego na Amplifier Worship, zile zile ambazo Southern Lord walizitoa karibu miaka 20 kabla. Hebu litafakari hilo wewe na wenzako: albamu ya 1996 imepita lebo tatu, na kila mara ni bendi inayoipeleka kwa mtu mpya. Albamu iliyouzwa moja kwa moja haiwezi kusafiri hivyo.

Ili usidhani njia ni hiyo moja, watazame pia Electric Eel Shock, watatu wengine wa Tokyo walioanza mwaka 1994, wenye roki ya moja kwa moja zaidi kuliko Boris. Hawa waliwageukia mashabiki wenyewe. Mwaka 2004 walipata pauni 10,000 kwa mashabiki 100, na walichowapa ni kuingia bure kwenye maonyesho yao maisha yote. Baadaye walikusanya dola 50,000 kupitia tovuti ya Sellaband, ambako mashabiki walinunua sehemu za dola 10 mpaka albamu ikapata bajeti. Hayo yote kabla michango ya mtandaoni haijawa jambo la kila siku. Bendi tofauti, hesabu tofauti, lakini swali walilolijibu ni moja: nani anashika kazi yetu, na kwa muda gani.

Na kwa kuwa ninyi mna bendi, nitakuambia ninachomwambia kila kijana anayeniletea mkataba nimsomee. Usianze na ukurasa wa malipo ya awali. Tafuta panapotajwa masta, yaani rekodi yenyewe ya asili, uone inakuwa ya nani, kwa miaka mingapi na kwa nchi zipi. Kama pameandikwa milele na dunia nzima, zungumzeni upya au ondokeni. Kama ni miaka mitano au saba, kwa eneo linaloeleweka, mna kitu cha kujadili. Tena fikeni mezani albamu ikiwa imekwisha kurekodiwa kama uwezo upo, hata kwa studio ya kawaida, kwani aliyelipia rekodi ndiye mwenye sauti kubwa. Gawaneni pia haki za utunzi mapema, mkiwa bado mnapendana. Boris kwa kawaida huandika jina la bendi nzima kwenye utunzi, na hilo limewaondolea ugomvi ambao nimeuona ukivunja bendi nzuri.

Kwa kusikiliza, ningekupangia hivi. Anza na Pink, kwa kuwa umeshaizoea roki ya kasi. Kisha Akuma no Uta, fupi na yenye riffu mnazoweza kuzipiga wenyewe Jumamosi moja. Kisha Smile zako mbili kwa usiku mmoja, la Marekani kwanza. Baada ya hapo Boris at Last -Feedbacker- ya 2003, wimbo mmoja uliogawanywa sehemu tano, ambao kwangu ndio kilele chao: usiisikilize kwa simu, tafuta spika kubwa na majirani wavumilivu. Flood ya 2000 ifuate, halafu NO na W kama jozi. Absolutego iacheni kwa siku ambayo hakuna mwenye haraka. Na mkifika huko niandikie uniambie mpiga besi wenu anasemaje, maana wapiga besi ndio huiona Absolutego kwa namna ambayo sisi wengine hatuioni.